Idjwi: kisiwa tunachokiona kila siku na ambacho wachache tu wamekikanyaga

Magazeti ya safari ya Ulaya na Marekani yanapenda sana kuandika juu ya visiwa vya joto ambavyo watalii hawajavijaza bado: São Tomé na Príncipe, Socotra ya Yemeni, Komoro. Musomaji anaahidiwa maji safi, milima ya kijani, samaki wa asubuhi na wenyeji ambao hawajachoka kuona wageni. Mutu wa Kalehe ama wa Minova anaweza kusoma habari hizo kwenye simu yake akiwa amesimama kando ya Ziwa Kivu. Akiinua macho, ule mulima murefu wa bluu ng'ambo ya maji ni Idjwi. Siku ya anga safi, hata watu wa Goma wanauona.

Idjwi ni teritwari nzima ya jimbo la Kivu Kusini. Ina urefu wa karibu kilometa 40, na kati ya visiwa vyote vilivyo ndani ya maziwa ya Afrika, ni Ukerewe ya Tanzania tu inayoipita kwa ukubwa. Ziwa lenyewe liko kwenye mita 1,460 hivi juu ya bahari, na migongo ya katikati ya kisiwa inapita mita 2,000. Ndiyo sababu joto la huko halichomi, na usiku mutu anatafuta blanketi. Wakaaji ni zaidi ya robo milioni. Hicho si kisiwa kitupu cha kwenye kadi za posta: karibu kila mahali unapotupa macho kuko shamba, mugomba, nyumba, ama mutoto anayechunga mbuzi.

Kinachofanya isijulikane si umbali. Ni boti. Tena boti hiyo hiyo ndiyo inayowaumiza watu wanaoishi kule. Kwa mugeni, kuvuka ziwa ni sehemu ya utamu wa safari. Kwa mama mwenye uchungu wa kuzaa, ama mukulima mwenye magunia ya kahawa, ni jambo lingine kabisa. Kwa hiyo habari ya kutembelea Idjwi inapaswa kuanza na maji.

Kuvuka

Kuko njia nyingi za kufika, na bei inapanda pamoja na usalama. Meli kubwa zinazosafiri kati ya Goma na Bukavu zinatembea polepole, nyingine usiku kucha. Kano za mbio, zile watu wanaita canots rapides, zinamaliza njia hiyo ya Goma na Bukavu kwa muda wa saa tatu hivi. Kisha kuko boti za mbao zenye mutambo, ambazo ndizo zinabeba sehemu kubwa ya watu wa Idjwi, mananasi yao, mbuzi wao, godoro, saruji na bidoni za mafuta. Zinatoka Kituku upande wa Goma, zinatoka Bukavu, zinatoka pia kwenye vijiji vya Kalehe ambako maji ya kuvuka ni mafupi zaidi.

Kila mutu wa Kivu anajua ni nini kinatokea boti hizo zinapobeba kupita kiasi. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilipinduka ikiwa imebakiza mita chache tu kufika Kituku. Watu waliosimama bandarini, wakiwangojea ndugu zao, waliona yote kwa macho. Makumi ya watu walikufa. Barabara ya Goma na Minova ilikuwa imekatwa na vita, na wasafiri waliokuwa wakipita kwa gari walikuwa wamehamia kwenye maji. Mbele ya hapo, katika Aprili 2019, boti ingine ilizama upande wa Kalehe na watu karibu 150 wakatoweka. Rais Félix Tshisekedi alifika huko na kuamuru kila musafiri avae jile ya kuokoa maisha. Amri hiyo ingali inakumbukwa, lakini jile ndizo hazionekani katika boti nyingi.

Kwa hiyo, kama unataka kwenda Idjwi, nunua ama azima jile yako mwenyewe, uivae tangu mbele ya boti kuondoka. Wengine watacheka. Waache wacheke. Chagua safari ya asubuhi mapema, wakati ziwa mara nyingi limetulia. Muchana upepo unaamka na mawimbi pia, na katika musimu wa mvua zoruba inaweza kufika ukiwa katikati. Angalia boti mbele ya kulipa: kama ubao wa juu uko karibu kugusa maji, ngojea ingine. Kupoteza siku moja bandarini si hasara. Na usikubali maneno ya mwenye boti kwamba "kuko nafasi moja tu imebaki", kwa kuwa nafasi hiyo moja inabaki hadi saa ya kuondoka.

Juu ya usalama wa inchi kavu, itakuwa uongo kuandika habari ya matembezi kana kwamba hakuna kitu. M23 ilichukua Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari, uwanja wa ndege wa Goma na ule wa Kavumu ukafungwa, safari za ziwani zikasimama kisha zikaanza tena. Idjwi imepita katika vita vya miaka 30 hivi bila kuchomwa kama Masisi ama Kalehe, na watu wake wanajivunia hilo; wengi wanaiita kisiwa cha amani. Lakini maji yanayoizunguka yanaguswa na kila kitu kinachotokea Goma na Bukavu. Uliza bandarini habari za siku ile unayosafiri, si za wiki iliyopita. Beba karte yako ya uchaguzi, na ukifika jionyeshe kwa viongozi wa mahali mbele ya kuanza kuzunguka. Mugeni aliyejitambulisha analindwa na kijiji kizima.

Ukifika

Usitafute lami. Barabara ni za udongo mwekundu, zinafuata kando ya ziwa kisha zinapanda, zinashuka, zinapanda tena, na kitu kinachokubeba ni pikipiki ama miguu yako. Miguu ni bora. Kutoka kijiji kimoja hadi kingine kuko njia za miguu zinazopita katikati ya migomba na maharagwe, na kila mara unapofika juu ya mugongo wa kilima unaona ziwa pande mbili: Kongo magharibi, Rwanda mashariki. Upande wa mashariki simu yako itaanza kushika mitandao ya Rwanda yenyewe. Ukisahau kuiangalia, yuniti zitaisha mbele haujajua.

Makao makuu ya teritwari ni Bugarula, upande wa kaskazini. Kisiwa kimegawanywa katika sheferi mbili, Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini, kila moja na mwami wake. Wakaaji wengi ni Bahavu na lugha ya nyumbani ni Kihavu, lakini kwa Kiswahili utapita kila mahali. Hoteli kubwa hakuna. Kuko nyumba ndogo za wageni na paroko zinazopokea watu, na chakula ni kile wenyeji wanachokula: bugali, sombe, maharagwe, viazi vitamu, sambaza wa kukaanga, parachichi. Kasiksi pia, kwa wanaokunywa. Kisha mananasi. Watu wa Bukavu wanayajua vizuri mananasi ya Idjwi sokoni, lakini lililokatwa asubuhi na kuliwa shambani kwenyewe lina utamu ambao hausafiri.

Musitu umebaki kidogo sana. Watu wameongezeka, ardhi haijaongezeka, na miti imegeuka mashamba, mbao na makala. Katika vipande vilivyobaki kuko tumbili wa aina ambayo haipatikani mahali pengi: wanasayansi wanaiita Schouteden, na inajulikana kwenye Idjwi, kwenye kisiwa kidogo cha Shushu na upande wa volkeno za Virunga. Ukiwa na subira na kijana wa mahali anayejua njia, unaweza kuwaona asubuhi.

Waliofukuzwa na kumalizika kwa musitu huo si tumbili tu. Bambuti wa Idjwi walikuwa wanaishi ndani yake, na leo wengi wao hawana shamba, wanaishi kwenye vipande vidogo kandokando ya ziwa, wanatengeneza vyungu na kufanya kazi za kulipwa siku kwa siku. Kuna wasafiri wanaopenda kupelekwa "kuona Pygmées", kupiga picha na kuondoka. Afadhali usifanye hivyo. Nunua chungu, lipa bei yake, kaa uongee kama unavyoongea na mutu mwingine yeyote.

Taa juu ya maji

Kitu kimoja peke yake kinatosha kulipia safari hii, nacho ni usiku wa sambaza.

Samaki huyo mudogo ambaye leo anaonekana kama mwenyeji wa Kivu tangu Adamu, hakuwa hapa. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, sababu Ziwa Kivu lilikuwa na aina chache sana za samaki na maji ya katikati yalikuwa matupu. Akazaana, na leo analisha ziwa nzima, Kongo na Rwanda pamoja. Kumuvua, wavuvi wanafunga mitumbwi mitatu kwa miti mirefu ya mikaratusi, ile miti inatokeza mbele na nyuma kama pembe, na wavu unaning'inia katikati. Wanatoka jua likizama. Wanapiga kasia wakiimba, mumoja anaanza na wengine wanajibu, na wimbo ndio unaoshika pamoja mikono yote. Giza likishuka wanawasha taa, sambaza wanapanda kufuata mwangaza, na wavu unainuliwa.

Ukikaa juu ya kilima cha Idjwi usiku wa giza, utaona taa hizo kwa makumi, zimetawanyika kama muji uliojengwa juu ya maji. Angalia tu mwezi mbele ya kupanga tarehe: mwezi ukiwa mukubwa, taa hazivuti samaki na wavuvi wengi wanapumzika. Asubuhi, shuka kwenye ufuko wakati mitumbwi inarudi. Wanamama wako pale tayari na mabeseni, bei inakatwa kwa haraka na kwa sauti kubwa, na muda wa saa moja yote imekwisha.

Kuoga katika ziwa ni raha: hakuna mamba, hakuna kiboko. Lakini chini, kuko kitu kingine. Maji ya vilindi vya Kivu, ambavyo vinafika karibu mita 480, yamebeba gesi nyingi sana, kaboni dioksidi na methani. Kwa muogeleaji wa juu haina shida. Hatari inayojulikana zaidi iko kwenye inchi kavu upande wa Goma na Sake, katika mashimo ambamo gesi inatoka ardhini na kulala chini, ile wenyeji wanaita mazuku. Usipige hema katika bonde dogo kule hata kama linaonekana limekingwa vizuri na upepo.

Gesi hiyo ina habari ingine. Tangu 2016, Rwanda inatoa umeme wa megawati 26 kutoka methani ya ziwa hili, kwenye kituo cha Kibuye, karibu uso kwa uso na Idjwi. Na kwenye Idjwi yenyewe, iliyo katikati ya ziwa hilo, nyumba zenye taa ni zile zenye paneli ya jua, na nyingine nyingi zinalala na giza.

Kahawa ya usiku

Kisiwa hiki kimezoea kuangaliwa na wakubwa wa pande zote. Mwishoni mwa miaka ya 1800, mwami Rwabugiri wa Rwanda alikishambulia na kumushinda mwami Kabego wa Idjwi. Rwabugiri mwenyewe alikufa katika 1895, akiwa safarini kwenye ziwa hili. Mupaka uliokatwa na Wazungu katika 1910 ulikiweka upande wa Kongo. Katika Septemba 1914 Wajerumani walikuja kukichukua, Wabelgiji wakakirudisha katika 1916. Anayetaka kujua zaidi atafute kitabu cha David Newbury juu ya wafalme na koo za Idjwi, kilichotoka katika 1991. Ni kinene, na ni cha Kiingereza, lakini kimejengwa juu ya maneno ya wazee wa kisiwa wenyewe.

Kutoka wakati wa Wabelgiji kulibaki mashamba ya kahawa. Arabika inapenda milima hii. Kwa miaka mingi mukulima wa Idjwi hakuwa na mahali pa kuosha kahawa yake wala mununuzi wa bei nzuri upande wa Kongo, kwa hiyo aliiweka katika mutumbwi na kuvuka usiku kwenda Rwanda, akificha taa ili asikamatwe. Wengi hawakurudi. Kwenye kisiwa, wajane wa kahawa si maneno ya mufano. Ni wanawake wanaoishi, na wengine kati yao leo ni wakulima wakuu wa nyumba zao.

Kilichobadilisha mambo ni kazi ya vyama vya wakulima, kama CPNCK ya Idjwi, vilivyoanza kuosha kahawa hapo hapo kisiwani na kuiuza ng'ambo kwa jina lake yenyewe. Mununuzi akija kwenye kisiwa, mukulima hana sababu ya kuvuka na giza. Musafiri anaweza kuomba kuonyeshwa kituo cha kuoshea wakati wa mavuno, kuona punje zinavyochaguliwa kwa mukono juu ya meza ndefu, na kununua kilo moja ya kubeba nyumbani. Mimi naona ni ukumbusho bora kuliko kinyago.

Mgeni akizoea, ataanza kuuliza kwa nini mahali pazuri hivi hapana watu. Angalia jirani zetu. Visiwa vya Ssese vya Uganda, 84 kwa hesabu, vilikuwa pia mahali pasipofikwa. Kilichovifungua ni meli inayotoka karibu na Entebbe kwa saa inayojulikana na kufika Kalangala kwa saa inayojulikana. Leo vijana wa Kampala wanaenda kulala huko wikendi. Ukerewe nayo ina vivuko vya kutoka Mwanza. Lakini kivuko peke yake si dawa: katika Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika teritwari hiyo ya Ukerewe, ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na zaidi ya watu 220 wakafa. Saa, idadi ya watu, jile: vitu vitatu ambavyo havihitaji muwekezaji wa kutoka mbali. Vikiwepo kwenye ziwa letu, wageni watakuja baadaye. Wa kwanza kupata faida watakuwa wagonjwa wa Idjwi wanaotumwa Bukavu sababu hospitali ya kisiwa haina kifaa wanachohitaji.

Kwa asiyeweza kufika hadi Idjwi, kaskazini ya ziwa kuko Tchegera, kisiwa kidogo chenye umbo la mwezi muchanga, ukingo wa volkeno iliyozama. Ni sehemu ya hifadhi ya Virunga, na katika miaka yenye utulivu wageni walilala kule katika mahema, wakiangalia anga jekundu juu ya Nyiragongo na Nyamulagira. Fungua macho pia ukipita Kalehe: Ibinja na vingine vidogo vimelala karibu na ufuko, watu wanaishi humo, watoto wanavuka na mitumbwi kama wengine wanavyovuka barabara.

Juu ya feza: beba franka, tena noti ndogo. Dola iliyochanika kidogo itarudi nawe nyumbani, na mahali pa kubadilisha si pengi. Lala siku mbili kwa uchache, tatu ni bora, sababu siku ya kurudi haiko mikononi mwako. Inategemea ziwa na siku za soko. Siku ya soko boti zinakuwa nyingi, lakini ndizo siku ambazo zinajaza zaidi. Siku inayofuata ni tulivu, boti inaondoka na nafasi, na mananasi yaliyobaki yanauzwa kwenye ufuko kwa bei ambayo Bukavu haijaiona.